Semei Kakungulu: Jemadari Aliyeifuata Taurati Mpaka Mwisho



Ndugu zangu katika imani, jina la Kakungulu likitajwa mbele ya Waislamu wa Uganda, wengi humkumbuka marehemu Mwanamfalme Badru Kakungulu, mtoto wa Nuhu Mbogo, kiongozi wetu aliyetoa ardhi ya Kibuli kwa ajili ya msikiti na shule. Leo naandika juu ya Kakungulu mwingine. Huyu hakuwa Mwislamu, na katika ujana wake alipigana na Waislamu. Hata hivyo naona maisha yake yana somo kwetu, hasa sisi tunaosoma hapa Mbale, mji ambao yeye ndiye aliyeuanzisha.

Jemadari

Semei Kakungulu alizaliwa mnamo mwaka 1868 au 1869, na asili yake inatajwa kuwa Koki, kusini magharibi ya Buganda. Alikuwa mwindaji hodari wa ndovu. Akaingia katika utumishi wa Kabaka wa Buganda, akajifunza kusoma kwa wamisionari wa Kiprotestanti, akabatizwa. Zilikuwa siku za fitina kubwa. Mwaka 1888 Kabaka Mwanga aliondolewa, na punde Waislamu wakamtawaza Kalema. Wakristo wakakimbia, kisha wakarudi na bunduki. Katika vita hivyo Kakungulu alijulikana kwa ushujaa, na waliokuwa upande wa pili ni ndugu zetu, ambao Kalema alipofariki mwaka 1890 waliongozwa na Mbogo, baba yake Badru. Silitaji hili ili kuamsha chuki ya zamani. Nalitaja kwa sababu atakayemsifu mtu kwa haki hana budi kueleza pia yale yanayomuuma.

Baadaye alishindania ukubwa na Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, akaona hawezi kupata nafasi mjini Mengo. Akageukia mashariki pamoja na wafuasi wake. Mwezi wa Aprili 1899 alikuwamo katika jeshi lililowakamata Kabaka Mwanga na Omukama Kabalega huko Lango. Kisha akaiteka nchi iliyoitwa Bukedi, akajenga ngome, akakata barabara na kupanda miti kandokando yake, na mwanzoni mwa karne ya ishirini akaweka makao yake Mbale. Wenyeji wa huku hawakuyapokea hayo kwa vigelegele. Utawala wake uliletwa na bunduki, na wengi waliumia.

Yeye alitumaini Waingereza wangemfanya mfalme wa nchi aliyoiteka. Waingereza walimtumia, kisha wakampunguza. Wakamfanya chifu, na mwaka 1906 wakampeleka Jinja kusimamia baraza la machifu wa Busoga. Aliyetaka kiti cha enzi akawa mtumishi wa kutumwa huku na huko.

Msomaji

Hapa ndipo maisha yake yanaponivutia zaidi. Biblia nzima ilikuwa imetoka kwa Kiganda mwaka 1896, na Kakungulu alikuwa msomaji. Miaka ya 1910 alijiunga na Wamalaki, kundi lililojitenga na kanisa la Kiprotestanti, likakataa dawa za hospitali na kushika Jumamosi kuwa siku ya mapumziko. Katika suala la dawa sisi hatuko pamoja nao, kwa kuwa Mtume wetu (s.a.w.) ameamrisha kutafuta tiba. Lakini ndani ya kundi hilo Kakungulu aliendelea kusoma, na kila alivyosoma vitabu vya Musa ndivyo alivyozidi kuuliza. Ibrahim aliamrishwa tohara, yeye na kizazi chake, na agano hilo likaitwa la milele. Isa mwenyewe alitahiriwa. Basi ni nani aliyeifuta amri hii?

Wenzake walimwambia kwamba tohara ni mambo ya Wayahudi. Jibu lake linasimuliwa hadi leo: ikiwa ndivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919, akiwa mtu wa miaka hamsini hivi, alitahiriwa yeye na wanawe, akawataka wafuasi wake wafanye vivyo hivyo. Aliyekuwa tayari alibaki naye na asiyekuwa tayari akaondoka. Akahamia Gangama, kwenye miteremko ya Mlima Elgon karibu na Mbale, na mwaka 1922 akatoa kitabu cha Kiganda cha kurasa zipatazo 90, chenye sala na kanuni za kuwaongoza watu wake.

Zingatieni kwamba wakati huo hakuwa na mwalimu. Hakukuwa na sinagogi katika nchi hii wala rabi wa kumuuliza. Alikuwa na kitabu tu, na nia. Bado alichanganya mambo: sala zake zilikuwa na maneno ya Kikristo, na watoto waliendelea kubatizwa. Mnamo mwaka 1920 alikutana na mfanyabiashara wa Kiyahudi aitwaye Yusufu, ambaye alikaa naye kwa miezi kadhaa akimfundisha sikukuu, kalenda na namna ya kuchinja. Mzee yule, aliyewahi kuongoza maelfu vitani, alikaa chini akafundishwa na mgeni, na kile alichoonyeshwa kuwa si sahihi akakiacha. Tabia hii ndiyo wanazuoni wetu wanayoiita adabu ya mwenye kutafuta elimu.

Kakungulu alifariki mwezi wa Novemba 1928. Hakuacha ufalme. Aliacha jamaa ndogo ya wakulima wanaojiita Abayudaya, yaani Wayahudi kwa Kiganda.

Je, ilikuwa hasira tu?

Wako wanaosema kwamba dini ya Kakungulu ilikuwa njia ya kuwakomoa Waingereza waliomnyima ufalme. Sikatai kwamba uchungu ulikuwepo. Lakini nimejiuliza, hasira gani inamfanya mtu wa umri ule apitie kisu, akubali kupoteza wafuasi, na akae usiku akipanga sala? Aliyetaka kuwakomoa wakubwa angeweza kuchochea uasi. Alijua vita kuliko watu wengi wa zama zake. Naona alikuwa na njaa ya kweli. Alichoka kuambiwa na wakubwa maandiko yanasema nini, akataka kuyasoma mwenyewe na kuyatii. Katika sheria za Musa, ambazo wengi waliziona ni mzigo wa watu wa kale, yeye aliona agano na heshima, maisha yaliyopangwa mbele ya Mungu mmoja tangu chakula hadi siku ya mapumziko.

Kwa Mwislamu wa Uganda jambo hili si geni. Katika miaka ya 1870, zama za Mutesa, vijana wa Kiislamu waliuawa Namugongo kwa sababu walikataa kula nyama iliyochinjwa na asiyetahiriwa. Sisi tunawaita mashahidi. Tukiielewa imani yao, hatuwezi kumcheka mzee aliyeona tohara ni agano lisilochezewa.

Tunajifunza nini?

Kwanza, tukumbuke dini yetu inasemaje. Qur'ani inatufundisha kwamba Taurati iliteremshwa ikiwa na uongofu na nuru, na kwamba Watu wa Kitabu si sawa wote. Mtume (s.a.w.) alipofika Madina na kuwakuta Mayahudi wakifunga Ashura kwa kushukuru kuokolewa kwa Musa, aliifunga siku hiyo na kuwaamrisha Waislamu waifunge. Jeneza la Myahudi lilipopita alisimama, na alipoulizwa alieleza kwamba ile nayo ni nafsi. Tunatofautiana nao katika jambo kubwa, maana sisi tunamwamini Muhammad (s.a.w.) kuwa mwisho wa Manabii. Tofauti hiyo hatuifichi. Lakini kutofautiana hakutuhalalishii kudharau.

Pili, tujikague. Katika utawala wa Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, ibada ya Kiyahudi ilipigwa marufuku. Abayudaya waliomba kwa siri, wengi wakaiacha dini yao, wakabaki mia chache tu. Aliyewafanyia hivyo alikuwa na jina la Kiislamu, ilhali Qur'ani imekataza kulazimishana katika dini. Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979, jioni hiyohiyo ilikuwa mwanzo wa Pasaka ya Kiyahudi ya mwaka ule, sikukuu ya kukumbuka kuokolewa na Firauni. Ni lazima tukiri kwamba kwa jirani zetu hawa, Firauni wa siku zile alitoka kwetu.

Tatu, hasira yetu juu ya dhuluma wanayofanyiwa ndugu zetu wa Palestina ni ya haki, na dua zetu kwao zisikome. Lakini Qur'ani hiyohiyo imetuonya kwamba kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu. Mkulima wa Nabugoye anayepalilia kahawa yake na kupumzika siku ya Sabato hakushika bunduki Gaza. Nasikia maneno yanayosemwa vibandani baada ya swala, pale neno Myahudi linapogeuzwa kuwa tusi, na naogopa yatatupeleka mahali ambapo dini yetu haikutuelekeza. Hapa kwetu wakulima wameshaonyesha njia nyingine: tangu 2004 Wayahudi, Wakristo na Waislamu wa milima hii wamekuwa katika ushirika mmoja wa kuuza kahawa.

Kilima cha Nabugoye, lilipo sinagogi lao, hakiko mbali na mjini. Tunapita njia ile kila mara. Atakayekutana na mmoja wao amsalimu, amuulize habari za nyumbani na za shamba, kama jirani anavyoulizwa. Akitaka kujua zaidi, amuulize juu ya mzee Kakungulu. Wao wanamkumbuka vizuri kuliko sisi.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu kwa tunaowapenda na kwa tusiokubaliana nao. Wabillahi tawfiq.