Unapita Argwings Kodhek Road Daily, Lakini Huyu Mzee Unamjua?

Umekwama kwa jam pale Yaya, konda anadai doh yake, na wewe uko bize na simu. Hiyo barabara ina mwenyewe, buda. Clement Michael George Argwings-Kodhek, kijana wa Gem, Siaya, alizaliwa 1923. Wacha nikupe stori.

Alipita Makerere, akawa ticha, kisha 1947 akapata skolashipu ya kwenda Uingereza. Wakoloni hawakutaka Mwafrika wa Kenya asomee sheria, na unaweza kujua mbona. Jamaa akaisomea tu. Akarudi akiwa wakili wa kwanza Mwafrika humu nchini, na bibi Mwairishi. Serikali ikampa job, lakini kwa mshahara wa chini kuliko wa mzungu mwenye cheti kama chake. Akakataa, akafungua ofisi yake.

Sasa hapa ndio mambo ilichemka. Oktoba 1952 hali ya hatari ikatangazwa. Siku hizo ukishikwa na risasi moja tu mfukoni, unaweza kunyongwa. Zaidi ya watu 1,000 walipelekwa kwa kamba kwa kesi za Mau Mau. Kodhek, Mjaluo, alisimama kortini kutetea hao washukiwa, wengi wao Wakikuyu. Kuna wenye aliwatoa wakaenda nyumbani. Wazungu wakambandika jina la wakili wa Mau Mau wakidhani ni matusi.

KAU ilikuwa imepigwa marufuku 1953. Akajaribu kuanzisha chama cha nchi nzima, serikali ikakataa kukisajili. Vyama vya wilaya pekee ndivyo viliruhusiwa, na ujanja ulikuwa wazi: kila kabila likae pembe yake. Akaishia kuongoza Nairobi District African Congress.

Machi 1957 Waafrika wakachagua wabunge kwa mara ya kwanza, viti 8 pekee. Kodhek akagombea Nairobi dhidi ya kijana wa vyama vya wafanyakazi, miaka 26, Tom Mboya. Lakini cheki vile kura ilipangwa. Ukiwa na masomo na mali ungeweza kupiga hadi kura 3. Mkikuyu, Mmeru ama Mwembu alihitaji cheti cha kuonyesha ni mtiifu kwa serikali. Yaani walewale alipigania kortini ndio walifungiwa nje ya debe. Mboya akashinda. Sisemi ni hiyo tu ilimwangusha, Mboya alikuwa moto, lakini hesabu fanya mwenyewe.

Kodhek hakuzima. 1963 akaingia bunge na kiti cha Gem, baadaye akawa waziri, wa mwisho ikiwa mambo ya nje.

Januari 29, 1969, akafariki hapo Hurlingham, kwa hiyo barabara umekwama. Serikali ilisema ni ajali ya gari. Kuna wenye hawakuamini, na hadi leo mjadala haujaisha. Miezi 5 baadaye, Julai 5, Mboya naye akapigwa risasi katikati ya tao.