Charlotte Elliott: Mgonjwa Aliyeitikia Mwaliko

Katika toleo hili tunawaletea maisha ya Charlotte Elliott wa Uingereza. Huenda wengine mnalisikia jina hilo kwa mara ya kwanza, lakini wimbo wake mmeuimba. Ni ule wa kumjia Mwana-Kondoo wa Mungu jinsi mtu alivyo, ambao kwaya huuimba polepole wakati mchungaji anawaita watu wapite mbele kumpokea Bwana.

Charlotte alizaliwa mwaka 1789 katika ukoo wa watumishi wa Mungu. Babu yake mzaa mama, Henry Venn, alikuwa mchungaji aliyejulikana sana. Mjomba wake, John Venn, alikuwa mmoja wa walioanzisha shirika la CMS mwaka 1799, ndilo lililomtuma Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844. Kwa hiyo huyu binti hakukosa mafundisho. Maombi aliyasikia nyumbani tangu utotoni, na Biblia aliijua. Tena alikuwa na kipawa: alichora picha za sura za watu na kutunga mashairi ya kuchekesha.

Ndipo ugonjwa ukaja. Kuanzia mwaka 1821, akiwa na umri wa miaka 32, mwili wake ulidhoofika na haukurudi tena kuwa na nguvu. Siku nyingi alilala tu. Mtu aliyezoea kutumika akawa wa kutumikiwa, na moyoni akajaa uchungu. Dini ilikuwapo, amani haikuwapo.

Mwezi Mei 1822 nyumba yao ilitembelewa na mgeni kutoka Uswisi, mhubiri César Malan wa Geneva. Huyu naye alikuwa amepitia mateso. Kwa sababu alihubiri kwamba mtu huokolewa kwa neema na si kwa matendo yake, mimbari za mjini kwake zilifungwa mbele yake, na mwaka 1818 akafukuzwa kazi ya ualimu. Mwaka 1820 akajenga kanisa dogo katika kiwanja cha nyumba yake, akaendelea kuhubiri humo. Sisi ambao tumesali chini ya mti na chini ya hema la plastiki tunamwelewa mtu wa namna hiyo.

Malan akamuuliza Charlotte habari za roho yake, kama kweli yeye ni wa Kristo. Charlotte alikasirika. Akaona ni kukosa adabu kwa mgeni kumuuliza mgonjwa jambo kama hilo, naye akasema hataki kulizungumza. Malan hakubishana naye, ila aliahidi kumwombea. Swali lile lilibaki likimchoma, na baadaye Charlotte mwenyewe alimwendea akaomba radhi. Akamwambia kwamba angependa kumjia Kristo, lakini hajui aje namna gani. Jibu la Malan lilikuwa fupi: aje vile alivyo.

Tufikiri kidogo juu ya jibu hilo. Charlotte alidhani lazima kwanza auondoe uchungu wake, aitulize hasira yake, apate imani kubwa, ndipo aje. Hata katika makazi haya wapo wanaosema wataokoka wakisharudi kwao. Mwingine anangoja aache pombe kwanza. Mwingine anasema hana nguo ya kuingia nayo kanisani, mwingine anasubiri aweze kumsamehe aliyemchomea nyumba. Mambo haya si madogo, hasa hilo la mwisho, na hatuyadharau. Lakini mgonjwa anayengoja apone ndipo aende kwa daktari atangoja mpaka lini?

Charlotte akaja hivyo hivyo. Yeye na Malan wakaendelea kuandikiana barua kwa miaka mingi.

Hapa wahubiri wengi hukosea kidogo. Husimulia kana kwamba aliutunga wimbo usiku ule ule alipookoka. Sivyo. Ilipita zaidi ya miaka kumi, nayo haikuwa miaka rahisi. Katikati ya miaka ya 1830 familia ilikuwa ikiishi Brighton, mji ulio kando ya bahari. Kaka yake, mchungaji Henry Venn Elliott, alikuwa akitafuta fedha za kujenga shule ya binti za wachungaji maskini. Nyumba nzima ilihangaika kuandaa siku ya kuuza vitu kwa ajili ya shule hiyo. Kila mtu alikuwa na kazi, isipokuwa Charlotte. Usiku wa kuamkia siku hiyo hakupata usingizi. Aliwaza kwamba yeye ni mzigo na hana faida kwa Mungu wala kwa watu, mpaka akaanza kutilia shaka wokovu wake wote.

Kesho yake wote walitoka, akabaki peke yake. Mawazo yale yakarudi kwa nguvu. Akachukua kalamu, akaandika kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe sababu za yeye kumjia Kristo tena, bila kuleta kitu mkononi. Wifi yake alipoingia kumpa habari za mauzo, akayasoma maneno yale, akaomba nakala.

Wimbo huo ulichapishwa mwaka 1836 katika kitabu cha nyimbo za wagonjwa, ukiwekewa neno la Yohana 6:37, kwamba Yesu hatamtupa nje kamwe yeyote amjiaye. Mwaka huo huo shule ikafunguliwa. Kaka yake alihubiri miaka mingi, lakini alikiri kwamba wimbo mmoja wa dada yake mgonjwa ulizaa matunda kuliko kazi yake yote.

Charlotte alitunga nyimbo zipatazo 150. Hakuponywa. Tunalisema wazi kwa sababu wapo wanaowaambia wagonjwa wetu kwamba hawana imani. Miaka ya mwisho hakuweza hata kwenda ibadani. Alifariki Brighton tarehe 22 Septemba 1871 akiwa na miaka 82, na kati ya vitu vyake zilikutwa barua zaidi ya elfu moja za watu waliomshukuru kwa wimbo ule.