Haydn, mtunzi aliyejenga jumba kwa tofali moja

JOSEPH Haydn, mtunzi wa Austria anayeitwa kwa heshima baba wa simfonia, alifariki dunia Mei 31, 1809 mjini Vienna akiwa na umri wa miaka 77, wakati mji huo ukiwa mikononi mwa majeshi ya Ufaransa. Aliacha simfonia zaidi ya 100, na pia mzozo uliodumu muda mrefu juu ya kazi zipi ni zake kweli na zipi alisingiziwa.

Haydn alizaliwa mwaka 1732 katika kijiji cha Rohrau, mtoto wa fundi magurudumu. Mwaka 1740 alichukuliwa kuimba katika kwaya ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, Vienna. Sauti yake ya kitoto ilipovunjika aliondolewa, akaishi kwa kufundisha muziki huku akijisomea sonata za Carl Philipp Emanuel Bach.

Mwaka 1761 aliajiriwa na ukoo wa kimwinyi wa Esterházy, akautumikia kwa karibu miaka 30. Huko, mbali na kelele za mji mkuu, alikuwa na okestra ya kujaribia kila alilobuni. Ndiko alikoukomaza mpangilio wa sonata.

Mpangilio huo una hatua tatu. Kwanza muziki huanza katika ufunguo mmoja kisha huhamia mwingine. Pili, mawazo yaliyokwisha kusikika huchambuliwa na kusukwasukwa. Tatu, yote hurejea katika ufunguo wa mwanzo.

Watunzi wengi wa zama zake, Mozart akiwamo, walipofika ufunguo wa pili kwa kawaida walileta wimbo mpya. Haydn mara nyingi alirudia ule ule wa kwanza, akiuvika nguo nyingine. Simfonia yake ya mwisho, namba 104, aliyoitunga London mwaka 1795, ni mfano ulio wazi. Aidha, alipenda kumlaghai msikilizaji: wimbo wa mwanzo hurejea kana kwamba safari imekwisha, kumbe ufunguo si wenyewe na safari bado inaendelea.

Umuhimu wa alama hizo ulidhihirika mwaka 1993, zilipotangazwa sonata sita za piano zilizodaiwa kuwa za Haydn zilizopotea. Baadhi ya wataalamu waliosifika duniani waliziamini, lakini muda si mrefu zikabainika kuwa za kughushi.

Mghushi alikuwa na hila. Haydn aliwahi kuweka orodha ya kazi zake, akiandika humo noti chache za mwanzo wa kila kazi. Mghushi alizichukua noti hizo za kweli, kisha akatunga mwenyewe yaliyofuata. Kwa hiyo aliyetegemea mwanzo peke yake hakuwa na namna ya kugundua udanganyifu.

Tukio hilo lilithibitisha kwamba saini ya Haydn haimo katika wimbo wa kufungulia. Imo katika safari yake: jinsi wazo dogo linavyokatwa vipande, kugeuzwa, kunyamazishwa ghafla na hatimaye kurudishwa nyumbani likiwa na sura nyingine. Noti za mwanzo mtu anaweza kuziiba. Ni vigumu zaidi kuiba akili iliyoziendeleza.