Ferdinand Porsche

Ferdinand Porsche (Maffersdorf, Bohemia, 3 Septemba 1875 – Stuttgart, Ujerumani, 30 Januari 1951) alikuwa mhandisi na mbunifu wa magari aliyezaliwa katika Dola la Austria-Hungaria. Anajulikana hasa kwa gari la Volkswagen Beetle na kwa kampuni ya magari ya michezo yenye jina lake. Hata hivyo, zaidi ya miaka 30 kabla ya Beetle alikuwa mmoja wa watu wa kwanza duniani kuunda gari la haibridi, yaani gari linalotumia injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Alikuwa pia mwanachama wa chama cha Nazi, na kiwanda alichokisimamia wakati wa Vita Kuu ya Pili kilitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi.

Maisha ya awali

Maffersdorf, ambayo leo ni Vratislavice nad Nisou, sehemu ya mji wa Liberec nchini Ucheki, ilikuwa na viwanda vya nguo na wakazi wengi waliosema Kijerumani. Baba yake, Anton Porsche, alikuwa fundi wa bati na alitaka mwanawe arithi karakana. Kijana alifanya kazi na baba yake mchana, na jioni alihudhuria masomo katika shule ya ufundi ya Reichenberg, jina la Kijerumani la Liberec. Alivutiwa mno na umeme, na angali kijana alifunga taa za umeme nyumbani kwao, wakati ambapo majirani walikuwa bado wanatumia taa za mafuta.

Mwaka 1893, akiwa na umri wa miaka 18, alikwenda Vienna kufanya kazi katika kampuni ya vifaa vya umeme ya Béla Egger. Hakuwahi kusajiliwa chuo kikuu. Alikuwa akijipenyeza katika mihadhara ya Chuo Kikuu cha Ufundi cha Vienna kila alipopata nafasi, na elimu yake rasmi ya uhandisi iliishia hapo. Shahada zake za udaktari, aliyopewa Vienna mwaka 1917 na ile ya Stuttgart mwaka 1924, zilikuwa za heshima.

Gari la umeme na gari la haibridi

Gari la kwanza linalohusishwa na jina lake ni Egger-Lohner, gari la umeme lililoonekana katika mitaa ya Vienna mwezi Juni 1898. Kwa msomaji wa Nyanda za Juu Kusini tarehe hiyo ina jirani wa kukumbukwa: mwezi uliofuata, Julai 1898, Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua karibu na Iringa alipokuwa akiwindwa na askari wa Wajerumani.

Baadaye Porsche alijiunga na Jacob Lohner, mtengenezaji wa magari ya kukokotwa na farasi aliyeona kwamba biashara yake ilikuwa inaelekea mwisho. Gari lao, Lohner-Porsche, lilionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900. Jambo jipya lilikuwa mahali pa mota: badala ya kuifunga chini ya bodi na kupeleka nguvu kwa minyororo, Porsche aliiweka ndani ya habu ya gurudumu lenyewe. Gari halikuwa na giaboksi, wala klachi, wala mnyororo. Nguvu kidogo sana ilipotea njiani.

Tatizo lilikuwa betri. Betri za risasi na asidi za gari hilo zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 400, na zikiisha chaji gari lilisimama hapo lilipo. Kuongeza betri kulimaanisha kuongeza uzito, na uzito ulimaliza chaji upesi zaidi. Porsche akaamua kwamba gari libebe mtambo wake wa umeme. Katika gari lililoitwa Semper Vivus, neno la Kilatini lenye maana ya "hai daima", alifunga injini mbili ndogo za petroli. Injini hizo hazikuunganishwa na magurudumu hata kidogo. Kila moja ilizungusha dinamo, dinamo ikatoa umeme, na umeme ukaenda kwenye mota za magurudumu au kwenye betri. Mwaka 1901 lilifuata gari la kuuzwa, Lohner-Porsche Mixte, lenye injini moja kubwa ya Daimler mbele na betri chache zaidi. Dinamo yake iliweza kutumika pia kama stata ya kuwashia injini, wakati ambapo madereva wengine walikuwa wanazungusha mkono wa chuma mbele ya gari, kazi iliyovunja mikono ya wengi.

Mara nyingi husemwa kwamba Porsche ndiye aliyevumbua gari la haibridi. Usemi huo unahitaji tahadhari, kwa sababu Henri Pieper wa Ubelgiji alikuwa akiunda gari la petroli na umeme wakati uleule. Tena mifumo yao ilitofautiana. Injini ya Pieper ilisukuma gari moja kwa moja na mota iliisaidia, ilhali ya Porsche ilizalisha umeme tu. Haribridi za leo zimechukua kwa wote wawili.

Ni vizuri kukumbuka pia kwamba Porsche hakuwa akitafuta kupunguza matumizi ya mafuta. Alitaka gari la umeme liende mbali, na alitaka kuondoa giaboksi za wakati ule zilizokuwa ngumu na zenye kelele. Mixte ilikuwa nzito na ghali kuliko gari la petroli la kawaida. Petroli ilipozidi kupatikana kwa urahisi na giaboksi zikaboreshwa, wanunuzi hawakuona sababu ya kulipia mifumo miwili katika gari moja. Magari yote ya Lohner-Porsche yaliyouzwa yalikuwa takriban 300, mengi yao ya umeme mtupu.

Austro-Daimler na Vita Kuu ya Kwanza

Mwaka 1903 Porsche alimwoa Aloisia Kaes. Walipata watoto wawili, Louise (1904) na Ferdinand mdogo aliyeitwa Ferry (1909). Mwaka 1906 alikuwa mbunifu mkuu wa Austro-Daimler, na mwaka 1910 gari lake lilishinda mashindano ya Prinz Heinrich, yeye mwenyewe akiwa kwenye usukani.

Wazo la haibridi halikufa, lilihamia jeshini. Porsche aliunda treni ya barabarani ambayo gari la mbele lilibeba injini ya petroli na dinamo, na nyaya zikapeleka umeme kwenye mota zilizokuwa katika magurudumu ya matela nyuma yake. Kwa kuwa kila tela lilijisukuma lenyewe, msafara uliweza kupanda milima ukiwa na mizigo ambayo gari moja lisingeweza kuivuta. Katika Vita Kuu ya Kwanza mitambo hiyo ilivuta mizinga mizito ya Austria-Hungaria. Katika vita hiyohiyo, kwenye milima ya Tanganyika, ambako majeshi ya Uingereza yaliingia Iringa mwezi Agosti 1916, mizigo ya pande zote mbili ilibebwa kwa sehemu kubwa vichwani mwa wapagazi Waafrika, na maelfu kwa maelfu yao walikufa kwa njaa na maradhi.

Stuttgart na kampuni yake mwenyewe

Baada ya kutofautiana na wakurugenzi wa Austro-Daimler alihamia Daimler mjini Stuttgart mwaka 1923, kisha kwa muda mfupi Steyr nchini Austria. Alikuwa mtu mwenye hasira za haraka. Mwaka 1931 alifungua ofisi yake ya usanifu Stuttgart pamoja na mkwewe Anton Piëch na Adolf Rosenberger, dereva wa mbio aliyetoa sehemu ya mtaji. Rosenberger alikuwa Myahudi. Mwaka 1935 hisa zake zilichukuliwa na familia kwa bei ndogo, naye akakamatwa na kufungwa katika kambi ya Kislau kabla ya kukimbilia nje ya nchi. Hakurudishwa tena katika kampuni aliyosaidia kuianzisha.

Volkswagen na Wanazi

Mwaka 1934 Porsche alipewa mkataba wa kubuni gari la wananchi lililotakiwa na Adolf Hitler: libebe watu wazima wawili na watoto watatu, litumie mafuta kidogo, na bei yake isizidi Reichsmark 1,000. Mwaka huohuo aliacha uraia wa Chekoslovakia akachukua wa Ujerumani, na mwaka 1937 alijiunga na chama cha Nazi. Injini ya gari hilo ilikaa nyuma na kupozwa kwa hewa, bila rejeta. Sehemu za ubunifu huo zilifanana na magari ya Tatra ya Hans Ledwinka kiasi kwamba Tatra ilidai fidia. Volkswagen ililipa mwaka 1965.

Wajerumani zaidi ya 330,000 waliweka akiba kwa kununua stempu kila wiki ili wapate gari. Hakuna hata mmoja aliyelipata kwa njia hiyo, kwa kuwa vita vilipoanza kiwanda kiligeuzwa kutengeneza magari ya jeshi na silaha. Sehemu kubwa ya wafanyakazi wake ilikuwa wafungwa wa vita, wafungwa wa kambi za mateso na raia walioletwa kwa nguvu kutoka Poland, Umoja wa Kisovyeti na nchi nyingine. Watoto wachanga wa wanawake hao walinyang'anywa mama zao na kuwekwa katika kituo cha Rühen, ambako mamia walikufa kwa kukosa matunzo. Daktari wa kiwanda alihukumiwa na mahakama ya Waingereza na kunyongwa mwaka 1947. Porsche alikuwa miongoni mwa viongozi wa juu wa kiwanda hicho, na ukaribu wake na Hitler ulikisaidia kupata wafanyakazi.

Wakati wa vita alirudia wazo lake la mwaka 1900. Kifaru alichokipendekeza katika shindano la Tiger kilikuwa na injini za petroli zilizozungusha jenereta, na mota za umeme zilizoendesha minyororo. Kilipata hitilafu mara kwa mara, na kazi ikapewa Henschel. Bodi karibu 90 zilizokuwa tayari ziligeuzwa kuwa mizinga ya kujiendesha iliyoitwa Ferdinand, ikatumika katika mapigano ya Kursk mwaka 1943.

Kifungo na kifo

Desemba 1945 Wafaransa walimkamata Baden-Baden. Alishikiliwa karibu miezi 20, kwanza karibu na Paris, ambako aliulizwa maoni kuhusu gari la Renault 4CV, kisha katika gereza la Dijon. Aliachiwa Agosti 1947 baada ya familia kulipa faranga milioni moja, na mashtaka dhidi yake yalifutwa baadaye. Wakati huo Ferry na wenzake walikuwa wanaunda Porsche 356 huko Gmünd, Austria. Mzee alitoka gerezani akiwa amedhoofika. Alifariki Stuttgart tarehe 30 Januari 1951 na kuzikwa Zell am See.

Baada yake

Beetle ilitengenezwa hadi mwaka 2003, jumla ya magari zaidi ya milioni 21. Katika Afrika Mashariki ilipata sifa kupitia mashindano ya Safari, ambayo ilishinda mwaka 1954 na tena 1962.

Mpangilio wa Semper Vivus, wa injini kuzungusha jenereta na mota kuzungusha magurudumu, ulikuja kuwa wa kawaida kwenye reli. Injini za treni za dizeli-umeme zinazopita Makambako na Mbeya katika reli ya TAZARA hufanya kazi hivyo, ila hazina betri ya kuendeshea. Mota ndani ya magurudumu zilitumika pia katika gari la kwanza kuendeshwa na wanadamu mwezini, mwaka 1971.

Kwenye magari ya abiria wazo lilisubiri hadi Toyota Prius ilipoanza kuuzwa Japani Desemba 1997. Kwa njia ya magari yaliyotumika yanayoshushwa bandari ya Dar es Salaam, haibridi zimefika hadi Nyanda za Juu Kusini, ambako bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA huwa juu kuliko za Dar es Salaam kwa sababu ya gharama za usafirishaji. Faida yake huonekana zaidi katika mwendo wa kusimama na kuondoka, kama foleni kati ya Uyole na Mwanjelwa mjini Mbeya, kwani injini huzimika gari linaposimama. Kwenye mteremko wa Kitonga, upande wa Iringa, gari la kawaida hugeuza mwendo kuwa joto la breki. Haibridi hugeuza sehemu ya mwendo huo kuwa umeme wa betri. Mteremko ukiwa mrefu betri hujaa kabla ya kufika chini, na kinachozidi hupotea. Katika safari ndefu ya mwendo wa sawasawa tofauti ya mafuta hupungua. Betri nayo bado ndiyo kipuri cha kuogopwa na mnunuzi wa gari lililotumika, kama ilivyomsumbua Porsche.

Mwaka 2011 kampuni ya Porsche ilionyesha nakala ya Semper Vivus inayotembea. Miaka miwili baadaye, huko Vratislavice, mabango yaliyojivunia kwamba Porsche alizaliwa hapo yaliondolewa baada ya malalamiko juu ya uhusiano wake na Wanazi.