John Kirk: Daktari aliyekuta dawa ya moyo ndani ya sumu ya mishale

Wagonjwa wengi wa moyo wanaomeza vidonge vya kupunguza mapigo, wawe Kolwezi au Mombasa, hawajui kwamba moja ya dawa za kwanza za kazi hiyo ilitokana na sumu ya wawindaji wa Afrika. Aliyeifikisha kwa wanasayansi ni John Kirk, anayekumbukwa zaidi kama balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar.

Kirk alizaliwa Scotland mwaka 1832 na kusomea udaktari Edinburgh. Mwaka 1858 alijiunga na msafara wa David Livingstone kwenye mto Zambezi, akiwa daktari na mtaalamu wa mimea.

Katika bonde la mto Shire, ambalo sehemu yake kubwa leo iko Malawi, wawindaji walipaka mishale yao sumu iitwayo kombe, inayotokana na mbegu za mmea unaotambaa juu ya miti. Kirk aliichukua ili aichunguze. Kwa bahati, sumu kidogo ilishika kwenye mswaki wake. Alipopiga mswaki alisikia uchungu mdomoni, na alipohesabu mapigo ya moyo wake alikuta yamepungua.

Profesa Thomas Fraser wa Edinburgh alizichunguza mbegu hizo na kutoa ndani yake dawa iitwayo strofanthini. Mwaka 1885 aliwaeleza madaktari wenzake kwamba, kwa kipimo kidogo sana, huupa moyo dhaifu nguvu na kupunguza kasi yake. Moyo unaokwenda mbio hukosa muda wa kujaa damu. Ukitulia, kila pigo husukuma damu zaidi.

Kirk alikuwa amekwenda Zanzibar tangu 1866. Mwaka 1873 alisimamia mazungumzo yaliyomfanya Sultani Barghash atie saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini.

Jina lake lilifika hata Lualaba. Yeye ndiye aliyetuma bidhaa kwa Livingstone, ambaye mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, kwenye mto huu huu unaopita karibu na Kolwezi. Sehemu kubwa ya bidhaa hizo iliibwa au kuuzwa kabla ya kumfikia, na Henry Stanley akamlaumu Kirk hadharani. Hata hivyo serikali yake iliendelea kumwamini na kumpandisha cheo. Alifariki mwaka 1922, akiwa na umri wa miaka 89.

Historia ilihifadhi jina la Kirk, lakini si majina ya wawindaji walioijua kombe kabla yake.

Leo madaktari hutumia digoksini, dawa ya ukoo mmoja na strofanthini, pamoja na vidonge vya kundi la propranololi, iliyobuniwa na James Black katika miaka ya 1960. Tahadhari ya kombe bado ipo: digoksini ikizidi kidogo tu inaweza kuua. Nayo propranololi na vidonge vya kundi lake, vikiachwa ghafla, vinaweza kuleta maumivu makali ya kifua na hata shambulio la moyo. Kwa hiyo mgonjwa asiongeze wala kuacha vidonge kwa uamuzi wake, na akitumia mizizi au majani ya kienyeji amwambie daktari wake.