Enzo Ferrari: Ushindi na Gharama Yake

Wahenga walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii hukaririwa darasani mara kwa mara, na walimu huitolea mifano ya watu waliovumilia dhiki hadi wakafaulu. Enzo Ferrari, Mwitaliano aliyeunda magari mekundu ya fahari na ya mashindano, ni mfano mmoja wa namna hiyo. Hata hivyo, anayeyasimulia maisha yake hana budi kuyasimulia yote, pamoja na yale yanayouma.

Ferrari alizaliwa mwaka wa 1898 mjini Modena, kaskazini mwa Italia, ambako babake alikuwa na karakana ya vyuma. Mwaka wa 1916 babake alifariki, kisha kakaye wa pekee akafuata. Yeye mwenyewe alipelekwa jeshini, akapewa kazi ya kuwavisha nyumbu viatu vya chuma, halafu akaugua nusura afe. Vita vilipomalizika alikwenda Turin kuomba kazi katika kampuni ya Fiat, akakataliwa. Kwa masimulizi yake, aliketi kwenye benchi katika bustani ya Valentino akalia, hana baba wala ndugu wa kumfariji.

Machozi hayo hayakumvunja moyo. Mwaka wa 1920 alijiunga na Alfa Romeo akiwa dereva wa mashindano, na mwaka wa 1929 akaanzisha timu yake iliyoyashindania magari ya kampuni hiyo. Walipoachana mwaka wa 1939, alifungwa na sharti la kutolitumia jina lake katika mashindano kwa miaka minne. Akageukia kutengeneza mitambo ya viwandani. Mwaka wa 1943 alihamishia karakana yake Maranello, na mwaka uliofuata ikalipuliwa kwa mabomu. Aliijenga upya.

Gari la kwanza lenye jina lake lilitoka mwaka wa 1947, likiwa na injini ya silinda 12 yenye ujazo wa lita 1.5 tu. Lilipojaribiwa katika mashindano ya Piacenza liliharibika njiani. Majuma mawili baadaye likashinda Roma. Mwezi wa Oktoba mwaka huo gari lake lilishinda Turin, naye akarudi kwenye benchi ile ile akalia tena, safari hii kwa furaha.

Wengi wetu hukomea hapo, tukafunga kitabu. Lakini mwaka wa 1956 mwanawe, Dino, alifariki kwa maradhi ya misuli akiwa na umri wa miaka 24. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya Mille Miglia yaliyokimbizwa kwenye barabara za kawaida, gurudumu la gari la Ferrari lilipasuka. Dereva, msaidizi wake na watazamaji tisa waliangamia, watoto watano wakiwa miongoni mwao. Ferrari alishtakiwa, na hakuondolewa lawama mahakamani hadi mwaka wa 1961. Mwaka wa 1958 pekee, madereva wake wawili, Luigi Musso na Peter Collins, walikufa mashindanoni. Mzee aliendelea kuunda magari.

Je, huo ulikuwa ujasiri au ugumu wa moyo? Mahakama ilijibu swali la sheria. Hili la utu limebaki mikononi mwetu. Mtu aweza kuinama ili apate cha mvunguni, lakini Ferrari alipoinama, wapo wengine walioumia mgongo, na baadhi yao hawakuwa na haja yoyote na kilichokuwa mvunguni.

Heshima alizipata. Chuo Kikuu cha Bologna kilimtunuku shahada ya uhandisi mwaka wa 1960, ingawa hakuwahi kufuzu chuo kikuu chochote. Mwaka wa 1969 Fiat, iliyomfukuza mlangoni, ilinunua nusu ya kampuni yake. Alifariki Agosti 1988 akiwa na miaka 90.

Huko Maranello ipo shule ya ufundi yenye jina la Alfredo Ferrari, yaani Dino. Vijana hufunzwa humo kazi ya mikono na mitambo. Pengine hicho ndicho kipande cha maisha ya mzee huyu kinachostahili kutajwa kwanza darasani, kisha yale makombe yafuate. Mwalimu anayemhimiza mwanafunzi ajitahidi na amwulize pia: jitihada zako, nani atazilipia?