Siti binti Saad: Kutoka vyungu hadi santuri

Wasikilizaji wetu wa Simiyu, leo tunamkumbuka muuza vyungu aliyevuma Afrika Mashariki nzima.

Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Baba yake alikuwa Mnyamwezi, ndugu wa Wasukuma, mama, Mzigua. Nyumbani walifinyanga vyungu, naye akavipeleka mjini kwa miguu, akivinadi kwa sauti tamu.

Mwaka 1911 alihamia mjini, akajifunza muziki. Walikuwepo waliomkejeli kwa sura na ukoo, hakurudi nyuma. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, India, kurekodi taarabu kwa Kiswahili.

Alifariki mwaka 1950. Mama unayenadi vyungu mnadani Bariadi, sauti hiyo ni mtaji.